Jiwe Ukutani kwa Mama Mikate

Mikate ikishaingia tanurini na bati la mlango likishaegemezwa, Dobi huvuka uchochoro na pasi yake mkononi kuja kuchukua moto. Salamu yake ni ile ile ya jana na juzi. Husema, "Shemeji, nipe moto, ila usiniunguzie mji tena." Na Mama Mikate, bila hata kugeuza shingo, humjibu kwamba mji uliunguzwa na pasi ya babu yake, jambo linalojulikana na wote isipokuwa wenye pasi, basi alete hicho chuma kijazwe aondoke zake. Halafu humjazia makaa kwa koleo, humwambia, "Funika," naye hufunika, na siku ya watu wawili hawa huwa imeanza vizuri.

Ugomvi hawakuwa nao, walikuwa na maneno tu. Dobi na marehemu mume wa Mama Mikate walikua pamoja kama ndugu wa tumbo moja, ndiyo sababu mpaka leo Dobi na Mama Mikate huitana shemeji. Lakini likija suala la Moto Mkubwa, kila nyumba ilikuwa na lake. Moto ule ulitokea zamani, Dobi mwenyewe hajazaliwa. Uliuramba mji kuanzia uchochoro huu mpaka sokoni, kutoka sokoni mpaka mahakamani, ukaja kuishiwa nguvu kwenye ukingo wa mto. Mungu alikuwa na huruma, watu walitoka wote, maana ulikuja asubuhi kweupe kila mtu akiwa macho. Lakini mapaa yalikuwa ya nyasi na kuta za mbao, na upepo wa siku ile, wanavyosimulia, ulikuwa wa kumvua mtu kofia na kwenda nayo. Ilipofika jioni mji haukuwepo. Palikuwa na uwanja mweusi, na katikati ya weusi ule tanuri la mikate peke yake, halina ukuta wala paa, limesimama zima kama yai.

Hapo ndipo lawama ilipozaliwa. Watu walitazama huku na huku wakaona kitu kimoja tu kimebaki, tena kitu chenyewe ni cha moto. Wakakinyooshea kidole. Tangu siku ile ukoo wa tanuri ukabandikwa jina la Wachoma Mji, na jina likang'ang'ania kama masizi kwenye sufuria. Watoto wa Mama Mikate waliitwa hivyo shuleni. Mumewe aliitwa hivyo mpirani. Akifunga goli wanamwimbia kwamba mchoma mji sasa kachoma na nyavu. Yeye alicheka. Mama yake hakucheka hata mara moja.

Huyo mama mkwe, Mungu amlaze pema, ndiye aliyemfundisha Mama Mikate kazi. Alimfundisha kuwasha kuni ndani ya tanuri mpaka matofali ya juu yageuke meupe, kuyakokota makaa yote nje, kuipangusa sakafu kwa gunia bichi lililofungwa kwenye mti mrefu, ndipo mikate iingie. Na katika kazi hiyo hiyo alikuwa amepata jibu lake, ambalo alilitoa kila alipochokozwa. Mkate ukiwa ndani, tanuri halina moto, lina joto tu. Moto Mkubwa ulianza mikate ikiwa ndani. Sasa ungetokaje kwenye tanuri lisilo na moto? Waende wakamuulize dobi, alikuwa akisema, sisi moto hatukuwa nao. Na siku zake zilipokaribia kwisha alimshika Mama Mikate mkono, akamwambia midomo ya watu haizibiki, waache waseme mpaka wachoke; lakini asikubali, maadamu yu hai, neno lile liandikwe mahali popote. Mama Mikate akaahidi mbele ya Mungu. Na yeye si mtu wa kuahidi ovyo ovyo.

Basi fikiria hali yake asubuhi ile Dada wa Manispaa aliposimama mlangoni. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, mpole, mteja wa mikate ya maziwa, na Mama Mikate alidhani amekuja kununua. Hakuja kununua. Alikuja kueleza kwamba mwaka huu mji utaukumbuka Moto Mkubwa kwa heshima yake, kwamba limechongwa jiwe zuri, na kwamba jiwe hilo litawekwa pale moto ulipoanzia. Walikuwa wameuliza watu wa mtaa, na watu wa mtaa kwa kauli moja walisema ni hapa.

"Limeandikwa nini?" Mama Mikate aliuliza.

"Hapa ndipo ulipoanzia Moto Mkubwa," Dada wa Manispaa alisema, akaongeza haraka kwamba si kwa ubaya, mama, wageni watakuja kupiga picha, na anayekuja kupiga picha hashindwi kuondoka na mkate.

Mama Mikate alikuwa na donge la unga mikononi. Aliliweka mezani taratibu, akalifunika kitambaa, akajipangusa. Akasema ukuta huu waliujenga wazee wa mume wake kwa mikono yao, na hautapigwa hata msumari.

Dada wa Manispaa hakukasirika. Alisema anaelewa, naye hataki kumwonea mtu. Jumamosi mchana kutakuwa na mkutano wa mtaa katika ukumbi wa shule, jambo limalizwe hapo. Kama Mama Mikate ana neno lingine, au anamjua mtu aliyeuona moto ule kwa macho, basi aje naye. Kama hana, jiwe litawekwa.

Alipoondoka, binti wa mwisho wa Mama Mikate, yule anayekanda naye, aliyekuwa amekaa kimya na masikio yamesimama, alisema yeye haoni shida. Siku hizi watu wanabandika mabango ya uongo wapate wateja, wao wanapewa jiwe bure wanalikataa.

"Bibi yako angekusikia angekutia humo ndani pamoja na mikate," Mama Mikate alimwambia, na binti akaona mama yake hatanii.

Kesho yake Dobi alikuja na pasi yake kama kawaida, akasema lake la kuunguza mji, akasubiri lake arudishiwe. Halikurudi. Mama Mikate alikuwa anakusanya makaa, mgongo umemgeukia, na mgongo ule ulikuwa unasema mengi.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Nimeamka."

Dobi aliiweka pasi chini. Habari alikuwa nayo, mtaa mzima ulikuwa nayo. Akakuna shingo, akakohoa, akazunguka zunguka kama mtu aliyepoteza kitufe, mwishowe akalitapika. Yule dada wa miwani alipita kwake wiki iliyopita kuchukua koti lake, akamuuliza moto ulianzia wapi. Naye akamjibu.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia kama ninavyokuambia wewe kila siku." Alishusha sauti. "Sasa mimi ningejua vipi kwamba anaandika?"

Mama Mikate aligeuka, akamtazama. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, kasimama pale kama aliyekamatwa na kuku wa jirani kwapani. Alitaka kukasirika, na alikuwa na haki. Lakini hasira ilimjia nusu, ikakutana na kicheko njiani, vyote viwili vikakwama. Mzaha wao wa asubuhi ulikuwa umevaa viatu ukaenda wenyewe ofisini. Akamwambia dawa ni moja tu, anataka kuongea na Shangazi.

Dobi alishtuka kweli. Shangazi alikuwa dada wa baba yake, mkongwe aliyeishi chumba cha nyuma kwa Dobi, na kwa vile hakuwa na mtoto wake mwenyewe, uchochoro wote ulimwita Shangazi. Siku ya moto alikuwa msichana mdogo wa kutumwa tumwa. Watu wengine wote walioshuhudia walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, amebaki yeye. Na yeye ndiye ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza. Nyumbani kwa Dobi ilikuwa marufuku kuutaja moto mbele yake, wasije wakamliza. Nyumbani kwa Mama Mikate hawakumuuliza kwa sababu ni mtu wa upande wa pili, angesema nini zaidi ya maneno ya kwao? Hivyo nyumba mbili zilibishana maisha mazima huku shahidi amekaa katikati yao anashona vifungo.

"Akilia?" Dobi aliuliza.

"Tutamfuta machozi. Twende."

Shangazi walimkuta mahali pake, kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma ambapo jua la asubuhi humpata miguuni. Kazi aliyokuwa amebaki nayo uzeeni ilikuwa kukagua vifungo vya mashati yaliyofuliwa na kukaza vilivyolegea, na uzi alikuwa akiutunga sindanoni kwa kubahatisha bahatisha huku akiutukana. Mama Mikate alimwamkia, akachuchumaa mbele yake, akauliza moja kwa moja, maana kuzunguka zunguka si tabia yake. Alisema Shangazi amsamehe kwa kumkumbusha, ila anaomba amwambie ule Moto Mkubwa ulianzia wapi.

Shangazi aliteremsha shati mapajani. Hakulia. Alimtazama Mama Mikate, akamtazama Dobi, akatikisa kichwa.

"Mmechelewa kidogo," alisema. "Nilishaanza kudhani nitakufa nao."

Akawaambia kwamba maisha yake yote, akiingia mahali watu wanaongelea moto, wananyamaza. Akiingia jikoni, kimya. Akikaa barazani, wanabadilisha maneno wanaanza habari za mvua. Alipokuwa msichana hilo lilimkosesha usingizi. "Nilidhani mnanishuku mimi."

Dobi alichuchumaa naye, kando ya shemeji yake.

Ndipo Shangazi akasimulia, na alisimulia kama mtu aliyeupanga mzigo wake kitambo, kila kitu mahali pake. Enzi zile viberiti vilikuwa adimu. Nani akae anawasha moto wake wakati tanuri lipo? Tanuri ndilo lililokuwa kiberiti cha mtaa. Mikate ikiingia, makaa yanakokotwa nje, na uchochoro wote unakuja na vyombo, mwenye kigae, mwenye chungu kilichovunjika, mwenye kifuniko cha bati. Yeye alikuja na bakuli la udongo kuchukua moto wa pasi za baba yake. Bibi yake huyu jirani yetu Fundi Bati alikuwepo. Bibi yake Mama Chai alikuwepo. Walikuwepo na wengine wengi, wanapishana katika uchochoro ambao enzi zile ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, kila mmoja na makaa yake mkononi, na upepo ule wa kumvua mtu kofia.

"Haukuanzia kwenye tanuri," alisema. "Wala haukuanzia kwetu. Ulianzia juu, kwenye paa la nyasi katikati ya uchochoro, na chini yake tulikuwa tunapita sote."

"Basi lilikuwa kaa la nani?" Mama Mikate aliuliza.

"Mwanangu, ningejua si ningesema? Nilitazama bakuli langu, nikaona makaa yangu yapo. Lakini yalikuwa mangapi mwanzo? Nani anahesabu makaa? Nikamwona mwenzangu naye anatazama chake." Aliokota sindano. "Jioni walipoanza kuulizana ni nani, hapakuwa na mtu uchochoroni ambaye hajaangalia ndani ya chombo chake. Na tanuri halina mdomo wa kujitetea. Tukalinyooshea kidole sote."

Mama Mikate alivuta pumzi ndefu. Alichokitaka alikuwa amekipata, ushahidi wa macho kwamba moto haukuanzia tanurini. Angeweza kuinuka pale pale, ashukuru, aende Jumamosi akaseme hilo tu, na ahadi yake iwe imetimia. Alikuwa ameshaanza kuinuka. Shangazi akamshika upindo wa gauni.

"Na ninyi wa tanuri msijifanye malaika. Mama mkwe wako alikuwa anasema tanuri halikuwa na moto. Kweli, halikuwa nao. Makaa yalikuwa yamekwenda wapi?"

Mama Mikate alichuchumaa tena.

"Nakaa hapa kila asubuhi nakusikia. Huyu ukishamjazia pasi yake, unamwambiaje?"

"Namwambia afunike."

"Nani alikufundisha?"

"Mama mkwe."

"Na yeye?"

"Mama mkwe wake."

"Kabla ya moto hakuna aliyesema funika," Shangazi alisema. "Mimi nilikuja na bakuli wazi, nikapewa wazi, nikaambiwa kimbia."

Maneno yale yalimwingia Mama Mikate polepole, kama maji yanavyoingia kwenye unga. Tangu aolewe alikuwa amelitamka neno lile kila siku ya Mungu bila kulitazama. Mama mkwe hakumruhusu hata siku moja kutoa makaa kwenye chombo kisicho na mfuniko. Aliwahi kumrudisha mke wa mchungaji mzima mzima, na jiko lake la wazi, akamwambia aende kwanza akatafute bati. Mtu asiyejiona na hatia angekuwa mkali namna ile kwa ajili ya nini? Mama mkwe alikuwa anajua. Au alikuwa anaogopa, jambo ambalo labda ni zito zaidi, maana anayejua hutulia, anayeogopa hatulii.

Dobi alikuwa ameanza kutabasamu. Shangazi alimwona.

"Na wewe usicheke. Madobi wenzako wote wanapunga pasi hewani makaa yakolee. Wewe mbona hupungi?"

Dobi alifikiri. Alisema baba yake alimkataza. Pasi ya nyumba ile hupulizwa ndani tu, umeelekeza uso ukutani, na ukionekana nayo nje unaipunga unachapwa nayo. Alikuwa anadhani ni kwa ajili ya kulinda mashati.

"Mashati," Shangazi alisema, akarudi kwenye kifungo chake.

Walipotaka kuaga, mkongwe alikuwa bado hajamaliza. Alitaka wajue na siku ya pili, kwa sababu ya pili ndiyo aliyokuwa anaipenda. Watu walilala uwandani, wakaamka hawana kitu. Wa ng'ambo ya mto wakavuka na magunia ya unga. Na mwanamke wa tanuri, ambaye tangu jana yake hakuna aliyempa hata salamu, akafunga kiuno, akawasha tanuri lake lililokuwa limesimama peupe bila paa, akaoka. Alioka mpaka jua likazama. Wale waliomnyooshea kidole walipanga mstari, akampa kila mmoja mkate wake bila kuuliza nani alisema nini. "Mkate wangu ulikuwa na jivu juu," Shangazi alisema. "Sijala tena mkate mtamu kama ule. Wako, usinune, unakaribia."

Mama Mikate alirudi kwake, na ingawa kwake ni kuvuka tu, siku ile alikwenda kwa kuuzunguka uchochoro mzima, anatazama. Ni mtu wa kutazama tangu zamani, lakini vitu ulivyovizoea havitazamwi. Mlangoni kwa Fundi Bati palikuwa na ndoo ya mchanga. Ilikuwepo siku zote, watoto walichezea, paka walifanyia mambo yao. Akamuuliza ni ya nini. Fundi Bati alisimamisha nyundo, akasema hajui, aliikuta, baba yake alisema isiondolewe. Mama Chai alikuwa ameweka jiko lake katikati ya sinia lenye maji, kama kawaida yake. Kwa nini maji? Mama Chai alisema wao ndivyo wanavyopika, mama yake ndivyo alivyopika, kwani kuna watu wanapika vipi?

Mama Mikate alijicheka mwenyewe pale njiani, mkono mdomoni, mpaka Mama Chai akamuuliza kama yu mzima. Alikuwa mzima. Alikuwa ameona uchochoro mzima umebeba bakuli moja, kila nyumba imeshika kwa siri upande wake, kila nyumba inadhani ni yake peke yake.

Ijumaa jioni alikaa na sala yake muda mrefu kuliko desturi. Kumsaliti mama mkwe hakutaka, kusema uongo mbele ya watu hakutaka pia, na alihitaji kujua kama kati ya hayo mawili kuna njia ya kupita mtu wa mwili wake. Alipoinuka alikuwa na amani. Akaagiza binti yake amwandalie gauni la bluu, akalipeleka kwa Dobi likanyooshwe.

Ukumbi wa shule ulijaa. Viti vilikuwa vya watoto, na watu wazima walikaa magoti yakiwa karibu na videvu, jambo lililowafanya wote waonekane wamekosa kitu. Shangazi aliletwa na Dobi, akawekwa mbele. Dada wa Manispaa alieleza habari ya jiwe, kisha akamkaribisha Mama Mikate aseme neno lake.

Alisimama. Aliona nyuso anazozijua, nyuso za wateja wake, na wengi wao walikuwa wanajitayarisha kusikia lile jibu la tanuri lisilo na moto, maana walilijua kwa moyo.

"Makaa yalitoka kwetu," alisema.

Viti vikalia ukumbi mzima, watu wakigeukiana.

"Mama mkwe wangu anisamehe, lakini yalitoka kwetu, na tuliyatoa wazi, hatukumwambia mtu afunike. Sehemu yetu ni hiyo, na leo naibeba. Lakini hayakutembea yenyewe. Yalipita mikononi mwa watu." Akageuka. "Fundi Bati, ile ndoo ya mchanga mlangoni kwako ni ya nini?"

Fundi Bati alitazama mikono yake. Kabla hajapata la kusema, Dobi alisimama, na kiti kikasimama pamoja naye maana kilikuwa kimemkaba. Ikabidi kwanza avuliwe kiti. Watu walicheka, naye akangoja wamalize. Akasema yeye ndiye aliyemwambia dada huyu kwamba moto ulianzia tanurini. Alikuwa anatania, wamezoea. Ukweli ni kwamba bakuli la kwao lilikuwepo asubuhi ile, na kwa upande wa pasi, huenda shemeji yake anasema kweli vile vile. Kisha Fundi Bati akasema, taratibu, kwamba bibi yake alikuwa akiota moto mpaka anakufa, na hawakuwahi kujua kwa nini. Mama Chai akasema basi ndiyo maana ya sinia. Akasimama mwingine, na mwingine, kila mmoja na lake alilolikuta nyumbani, na uso wa kila aliyekaa chini ulikuwa mwepesi kuliko aliposimama. Mwishowe ikawa kama mashindano. Bwana mmoja wa mtaa wa juu, ambaye ukoo wake ulihamia mjini nyumba zikiwa zimeshajengwa upya, naye alisimama akasema na wao walichukua makaa.

"Wewe kaa chini," Shangazi alimwambia. "Hukuwepo."

Dada wa Manispaa alivua miwani akaifuta, na alipoivaa tena alisema kwamba anaona jiwe lake lina kosa. Ila limeshachongwa. Mwashi alikuwepo, akasema hilo si tatizo, jiwe lina pande mbili, ligeuzwe tu, yale maneno yatazame ukuta. Watu wakaafiki, wakataka kumaliza. Mama Mikate ndiye aliyekataa. Alisema yakiwa upande wowote, bado yapo. Yakwanguliwe kwanza, kabisa, mpaka pawe laini. Baada ya hapo ukuta ni wao, wapige misumari wanavyotaka. Mwashi aliguna kwamba hiyo ni kazi mara mbili, lakini alimtazama usoni akaona afadhali akwangue.

Likabaki suala la kuandika nini. Wengi walitaka habari ya mikate ya siku ya pili, na hilo halikupingwa. Lakini Dada wa Manispaa aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, je, kuhusu chanzo tusiseme chochote? Watu wakamgeukia Shangazi.

"Andika kwamba hakuna aliyefunika," alisema.

Na ndivyo ilivyoandikwa. Jiwe liliwekwa ukutani kando ya mlango wa nyumba ya tanuri, na mpaka leo lipo. Limeandikwa: Asubuhi ya Moto Mkubwa hakuna aliyefunika. Kesho yake mji mzima ulikula mkate wa tanuri hili. Wageni wakifika husoma mstari wa kwanza, wakakunja uso, wakauliza maana yake. Binti huwauzia mkate kwanza, kisha huwaelekeza ng'ambo kwa mkongwe mmoja mwenye sindano. Hakuna tena anayenyamaza Shangazi akiwapo. Sasa shida ni kumnyamazisha yeye.

Asubuhi ile jiwe lilipokuwa bado na saruji mbichi, Dobi alivuka na pasi yake. Alisimama mbele ya jiwe akalisoma lote, midomo ikitembea. Akaingia, akakuta mikate imeshaingia na bati limeegemezwa. Alifungua mdomo kusema lake la kila siku, akaona halipo.

"Shemeji, na sasa tutachokozana kwa lipi?"

Mama Mikate alikuwa anakusanya makaa, hakugeuza shingo. Alisema kuna shati moja jeupe la marehemu, la harusi ya mdogo wake, lililorudi kutoka kwa dobi fulani na alama ya pasi mgongoni, na mwenye shati akaambiwa ni mtindo mpya. Yeye hajalisahau.

"Lile lilikuja na alama," Dobi alisema, uso umemchangamka.

"Lilikuja na alama ya pasi kutoka dukani?"

"Maduka ya siku hizi, shemeji, huyajui."

Akamjazia pasi kwa koleo, makaa mazuri, mekundu kote. Dobi aliinua mkono kwenye mfuniko, akangoja kidogo.

"Funika," Mama Mikate alisema.

Naye akafunika, akavuka.